Usipite Maili Arobaini

Bonde la Ruby, Nevada
3 Juni 1997

Baba mdogo Beñat,

Shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa mama ambaye goti linamsumbua na mdomo haumsumbui hata kidogo. Ng'ombe wamezaa vizuri mwaka huu. Tumepoteza ndama wawili tu, mmoja kwa baridi, mwingine kwa ujinga wa mama yake aliyemlalia. Nilipomwambia mama kwamba nakuandikia, alisema, "Muulize kama wanampa nyama." Kwa hiyo nakuuliza: wanakupa nyama? Nyonga imeshika? Na hao wazee wenzako wa makao ya wanajeshi wastaafu, wanakuelewa unapowapigia kelele, au nao ni viziwi kama wewe?

Nikupe habari za pikapu uliyonipa. Ba'mdogo, ile si gari, ni mnyama. Wiki iliyopita nilivuta trela la majani makavu, tani sita, nikapanda mlima wa Larrea na haikuguna. Mjini watu wanageuka kuitazama. Mzee Ansotegi aliizunguka mara mbili pale kituo cha mafuta akauliza, "Beñat aliinua hii kutoka ardhini inchi ngapi?" Nikasema sita. Akasema, "Ya baba yako nayo ilikuwa sita," kisha akaanza kutazama viatu vyake, kama wafanyavyo wote wakiteleza kumtaja baba. Miaka mitatu sasa tangu afe, na bado wakimtaja ni kama wamemwaga kitu mezani.

Nimeiongezea mambo kidogo, usinikasirikie. Nimevua matairi yako na kuvika ya inchi thelathini na saba, maana yako yalikuwa yanazama kwenye tope la malisho ya chini. Mbele nimefunga bampa la chuma na winchi ya kujivuta topeni. Nyuma kuna tangi la maji la galoni mia tatu, nalishusha siku za kuvuta trela. Majirani wawili wameshaniomba niwasafirishie mifugo msimu wa mauzo. Nawe ulisema msichana hataweza kuimudu!

Niandikie. Najua hupendi, lakini kwenye simu husikii, na mimi nimechoka kuzungumza na muuguzi wako.

Mwanao,
Maite


Sparks
19 Juni 1997

Maite mwanangu,

Marahaba. Nyonga inaendelea. Nyama tunapewa, ila imechemshwa mpaka imesahau ilikuwa mnyama gani. Muuguzi wetu, Bi Lorna, ni mtu mwema, ana mwandiko mzuri, nikitaka kujua kitu ananiandikia kwenye kijidaftari chake. Mezani nakaa na mzee mmoja aliyeendesha malori miaka thelathini. Anasema gari la dizeli ni bora, mimi nasema la petroli. Yeye hunipigia kelele, mimi humpigia kelele, wote hatusikii, na siku inapita.

Msalimie mama yako Graxi. Mwambie nimemshukuru kwa kuuliza.

Kuhusu pikapu. Rudisha matairi yangu. Inchi thelathini na saba ni uzito mkubwa kwa mbele ile, na bampa la chuma na winchi juu yake ni kuongeza mzigo kwenye mzigo. Nilipoijenga sikuijenga kwa ajili ya hayo. Tena usipite maili arobaini kwa saa ukiwa na trela. Bila trela pia usipite. Gari ni zee, na mimi niliyelitengeneza ni mzee.

Majirani waambie watafute mtu mwingine. Wewe vuta majani yako na maji yako, barabara ya tambarare, basi.

Ba'mdogo wako,
Beñat


Bonde la Ruby
8 Julai 1997

Ba'mdogo,

Shikamoo tena. Tumemaliza kukata majani ya kwanza. Mama ametengeneza soseji za chorizo na anasema hatakutumia kwa sababu zitafika zimeoza, halafu kila siku anauliza kifurushi kwa basi kinachukua siku ngapi. Joto ni kali, mbu ni wakubwa kama kuku.

Maili arobaini! Ba'mdogo, punda wa mzee Ansotegi anapita maili arobaini akiona shayiri. Ni wewe uliyekuwa unakimbiza pikapu hiyohiyo kwenye uwanda wa chumvi kavu, baba akiwa ubavuni mwako na ya kwake, mimi kando ya mama nikipiga makofi. Sasa umekaa kwenye kiti cha magurudumu umekuwa padri?

Sawa, nitakuambia jambo moja, lakini usianze. Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa nakwenda mjini bila mzigo, maili hamsini na tano. Nilipogonga ule mwanya wa daraja la kijito, mbele ikaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa kawaida. Usukani ulininyang'anya mikono. Magurudumu yalikuwa yanapiga kushoto kulia, kushoto kulia, kama mbwa anayetikisa panya, na dashibodi yote ikawa ukungu machoni. Nilidhani gari limekatika. Nikapunguza, nikapunguza, na mpaka lilipokaribia kusimama kabisa ndipo likaacha, ghafla, kama halikuwa lenyewe.

Fundi wa mjini alibadilisha shokapu ya usukani na kupanga magurudumu. Tangu hapo imetulia.

Nataka kukuuliza. Ya baba iliwahi kufanya hivi? Zilikuwa pacha, mlizijenga pamoja. Sikumbuki akisema.

Maite


Sparks
30 Agosti 1997

Maite,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, kisha miwani ilivunjika, kisha siku zikapita. Mzee wa malori amefariki. Sasa mezani nimekaa na mtu wa jeshi la majini ambaye hana neno. Hali ya hewa ni nzuri. Mama yako hajambo?

Nimefikiri juu ya gari. Kuna mtu hapa Sparks, mwana wa mgonjwa mwenzangu, analitaka sana. Atalifuata mwenyewe kwa lori la kubebea, usijisumbue kuliendesha. Wewe liweke tu bandani, funguo mpe mama yako. Nitakutafutia lingine, jipya zaidi, lisiloinuliwa. Lisiloinuliwa ndilo zuri kwa kazi ya shamba. Nilikuwa kijana mjinga nilipopenda mambo ya kuinua.

Fanya hivyo mapema. Usingoje mauzo yaishe.

Beñat


Bonde la Ruby
22 Septemba 1997

Ba'mdogo,

Shikamoo. Pole kwa msiba wa mwenzako wa mezani. Sisi tuko vizuri kiafya. Theluji ya kwanza ilipaka vilele jana.

Sasa niseme. Ulinipa gari kwa mkono wa kulia mbele ya mama, ukanikabidhi funguo, ukasema, "Ni yako, itunze." Leo unalidai kwa mkono wa kushoto, kwa mtu nisiyemjua, asiye hata na jina. Nimepiga simu hapo kwenu. Bi Lorna anasema hakuna mgonjwa mwenye mwana wa hivyo. Kwa nini unanidanganya? Kama unaona msichana hastahili, sema. Kama unalitamani tu kwa sababu umezeeka na huwezi tena, hilo pia sema, nitalielewa na nitakuletea nikuzungushe mtaani. Lakini usinidanganye, Ba'mdogo. Wewe ndiye umebaki upande wa baba.

Na hukunijibu nilichokuuliza.

Nina ratiba. Jumamosi hii napeleka madume manane ya Ansotegi mnadani, kupitia mteremko wa Larrea. Naondoka asubuhi mapema, mama atabaki. Ni kazi yangu ya kwanza kubwa. Wakiona nimeweza, msimu wote ni wangu.

Sikutaka kukuambia hili, lakini kwa kuwa tunasema ukweli: lilitetemeka tena wiki iliyopita, maili arobaini na nane, na safari hii mama alikuwa ndani. Alishika rozari kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine. Liliposimama, alisema jambo ambalo sitaliandika. Tangu siku hiyo hasemi nami vizuri. Nimekaza kila bolti ninayoifahamu. Ninaogopa kidogo. Nimeandika, basi, umeshinda. Ninaogopa, lakini nitakwenda.

Maite


Sparks
Jumamosi, 27 Septemba 1997, saa nne asubuhi

Maite mwanangu, Maite,

Barua yako imefika leo saa mbili. Naandika kwa mtu ambaye sijui kama yuko hai. Utanisamehe mwandiko.

Nilipoisoma nilimvuta Bi Lorna gauni mpaka karibu tuanguke wote. Nikamwambia apige simu kwenu. Mimi nasema, yeye arudie kwenye simu, na majibu aniandikie. Simu aliipokea Graxi. Nikasema, "Mwambie Maite asiendeshe. Kishikizo cha mbele kimepasuka." Lorna akarudia. Akaniandikia: *Anauliza umejuaje ukiwa Sparks.*

Maite, nilikaa nikitazama yale maandishi. Kwa miaka mitatu nimelikimbia swali hilo, na sasa limenifikia kwa mwandiko mzuri wa muuguzi. Nikasema, "Mwambie kwa sababu ndicho kilichomuua mumewe Peio. Si pombe. Peio hakuwa amelewa. Ni kazi ya mikono yangu." Lorna alinitazama bila kufumbua mdomo. Nikampigia kelele, "Sema!" Akasema. Nilimwona midomo ikisema. Kisha akaandika: *Kimya.* Akangoja. Akaandika: *Msichana ameondoka dakika ishirini zilizopita.* Kisha: *Amekata.*

Tangu hapo tumepiga mara nne. Hakuna anayepokea. Lorna ananiambia niombe. Mimi naandika.

Ujue kila kitu. Ukiinua pikapu inchi sita, ule mkono wa chuma unaozuia ekseli ya mbele isicheze kushoto na kulia hauenei tena. Lazima utengeneze kishikizo kirefu cha kuushusha, ukichomelee kwenye chasisi. Nilikata viwili kutoka bamba moja, alasiri moja, cha Peio na cha kwangu. Ilikuwa Oktoba, baridi kali, na tulikuwa na haraka maana msimu wa kuwinda ulikuwa unafunguliwa kesho yake. Chuma kilikuwa kizito na mashine yangu ilikuwa dhaifu. Fundi anajua, mwanangu. Ukichomelea ukiwa na moto mdogo, juu panapendeza, chini hapajashikana. Nilijua siku ileile. Nilisema, patashika. Miaka yote nilisema hivyo, na palishika, mpaka siku ile ya Peio mteremkoni.

Mimi ndiye niliyekwenda kuivuta pikapu yake kutoka korongoni. Askari wa kaunti walikuwa wameshaondoka na maandishi yao. Ndani kulikuwa na chupa ya divai aliyokuwa anampelekea padri, imepasukia kwenye kiti, gari zima linanuka. Wakaandika walichonusa. Mimi nilipiga magoti nikatazama chini. Kishikizo kilikuwa kimeng'oka. Ukingo wake ulikuwa laini na unang'aa, kama haukuwahi kugusana na kitu. Nikachukua gesi ya kukatia, nikakikata kabisa, nikakiweka nyuma ya kiti changu. Mtu angekiona angejua. Sikutaka wajue. Niliacha wamwite ndugu yangu mlevi, yeye ambaye alikuwa ameacha pombe miaka sita.

Kiko hapa kabatini, kimefungwa kwa taulo.

Cha kwangu nilikichomelea safu nyingine juu yake. Sikukikwangua kwanza, sikukikata. Kukikata kungekuwa kukiri. Niliendesha polepole. Ulipolitaka gari na Graxi akasema, "Mpe mtoto," midomo yangu haikufunguka. Nikakupa funguo, nikaja huku nikijidanganya kwamba barua zitatosha.

Lorna amerudi. Anatikisa kichwa. Bado hawapokei.

Naituma hivyo hivyo.

Beñat


Bonde la Ruby
1 Oktoba 1997

Beñat,

Nipo.

Nilikuwa nimeshapita kileleni na kuanza kushuka, madume manane nyuma, maili arobaini na tano. Redio ya mawasiliano ikalia. Mama huniita "we mtoto" redioni. Safari hii alisema, "Maite. Simama. Usikanyage breki kwa nguvu. Teremsha gia, usogee ukutani, usimame." Sauti ilikuwa ya chini sana. Sijawahi kumsikia hivyo. Kwa sababu ya sauti hiyo sikuuliza.

Nilipoteremsha gia, mbele ikaanza. Kidogo kwanza, kisha yote. Upande wa kulia palikuwa na korongo, lile lile. Trela lilikuwa linanisukuma, madume yanalia na kuhamia upande mmoja. Usukani ulinipiga kidole gumba, kimevunjika. Nililipeleka gari kwenye ukuta wa mlima kwa makusudi. Bampa lile ulilolichukia lilikwaruza mwamba hatua kama arobaini, cheche zinaruka, na likasimama. Nilikaa. Sikuweza kuachia usukani. Ilibidi niviite vidole vyangu kimoja kimoja.

Kisha nikaingia chini kwa tumbo. Kishikizo kimekatika pande tatu. Kilichokuwa kimeshika ni sehemu ndogo kama ukucha. Niliingiza kisu cha mfukoni kwenye ufa, kikaingia chote.

Mama alifika na gari lake dogo. Hakunikumbatia. Alilala chini kwenye changarawe na sketi yake na goti lake bovu, akaingia mpaka mabegani, akatazama. Alikaa huko muda mrefu. Nitakuambia sasa lile jambo alilolisema siku tulipotetemeka pamoja. Alisema, "Mlevi hushindwa kulishika gari. Peio alikuwa ameng'ang'ania usukani mpaka walipomkuta." Alikuwa ameshaanza kujua, na alikuwa anaogopa kumaliza kujua.

Mzee Ansotegi alikuja na vijana wake kuchukua madume. Alitazama chini ya gari naye. Hatukumwambia kitu. Alisema tu, "Una bahati, binti." Nilimgeuzia mgongo.

Sina salamu leo. Ninataka kwako kitu kimoja. Jumapili ya tarehe 19 familia zote zitashuka mjini kula chakula cha mwisho wa msimu pale hotelini, meza ndefu, wote waliomwita baba mlevi na wale waliokaa kimya. Njoo. Lete kilichomo kwenye taulo. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako. Bi Lorna amesema kuna basi.

Usipokuja, nitasema mimi, na nitasema pia kwamba hukuja.

Maite


Sparks
22 Oktoba 1997

Maite mwanangu, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Nimefika salama. Basi lilichelewa, lakini Bi Lorna aliningoja kituoni na blanketi. Kidole chako nilikiona kimefungwa. Sikuthubutu kukuuliza mbele ya watu. Kinaendeleaje?

Nataka kukuomba jambo, na najua sina haki.

Niliposimama pale mezani, unajua nilichokiona. Nyuso sitini, mikate, sufuria za maharage, na watu wakiacha kutafuna mmoja baada ya mwingine. Nilisema kama nilivyokuwa nimejifunza njia nzima. Sijui kama nilisema kwa sauti kubwa au ndogo, kiziwi hajui. Nilifungua taulo, nikaweka chuma juu ya kitambaa cha meza. Nikasema Peio hakuwa amelewa, nikasema mimi, nikasema na wewe pia nilikupa kifo kama zawadi. Kisha midomo yenu yote ikaanza kwenda.

Sikusikia hata neno moja, Maite. Niliona Ansotegi amesimama, amekunjua kidole, sijui ananinyooshea mimi au nani. Niliona mwanamke wa duka anafuta macho. Niliona mtu amegonga meza. Nilimwona Graxi amesimama mwisho kabisa, akasema kitu kifupi akinitazama moja kwa moja, na wote wakanyamaza, hata mimi kiziwi nikaona ukimya. Kisha akatoka. Nilitaka kumfuata, nyonga ikakataa.

Wewe ulinipandisha kwenye basi bila neno. Safari nzima nilikuwa najaribu kusoma ile midomo yake tena. Nimeisoma kwa namna mia. Nyingine zinanitia hofu hata sijalala. Nyingine zinanitia hofu zaidi kwa sababu ni za huruma.

Niambie walisema nini. Niambie yeye alisema nini. Usinipunguzie.

Beñat


Bonde la Ruby
2 Novemba 1997

Ba'mdogo,

Nimechelewa kwa sababu nimeiandika barua hii mara nne. Kidole kinapona, kitabaki kimepinda kidogo. Ng'ombe wameshuka wote. Pikapu haiendeshwi tena. Imekaa bandani juu ya mawe, nimevua magurudumu. Ninaazima lori la jirani, na kila nikigonga shimo barabarani nasimama kando, nashuka, natazama chini. Wananicheka. Sijui nitaacha lini.

Uliniomba nisikupunguzie. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

Ulisema kwa sauti kubwa sana. Mpaka wapishi walitoka jikoni.

Kijana mmoja wa akina Goñi, ndiye aliyegonga meza, alisema, "Mtoeni mzee huyu kabla sijamtoa mimi." Mwanamke wa duka hakuwa anakulilia wewe. Alikuwa anasema, "Nilikataa kumuuzia Graxi kwa mkopo nikisema mume alikunywa vyote. Mungu wangu, nilimwambia usoni." Ansotegi hakukunyooshea kidole wewe. Alinyooshea meza nzima. Alisema, "Mimi nilikutana na Peio asubuhi ile. Alikuwa mzima, tulizungumza habari za ng'ombe. Nilipowasikia mnasema amelewa nilinyamaza, kwa sababu askari walikuwa wameshaandika." Hapo kelele zikawa nyingi, kila mtu anamuuliza mwenzake alijua nini.

Ndipo mama akasimama. Aliuliza kwanza, kwa wote, "Na mlipojua, mlikuwa mnanitazama mkaona nini?" Kisha akakutazama wewe. Alisema hivi, nimemwomba arudie ili nisikosee:

"Beñat, kuniulia mume ilikuwa ajali. Kuninyima kumlilia, hilo ulikusudia."

Hayo ndiyo maneno. Akatoka.

Nilimkuta nje, ameegemea gari lake. Aliniambia mambo ambayo hakuwahi kuniambia. Kwamba siku ya mazishi hakutoa chozi kwa sababu alikuwa anamchukia. Kwamba kila usiku kwa miaka mitatu amekuwa akigombana na mtu aliye kaburini, akimuuliza kwa nini alivunja ahadi yake ya kuacha pombe, na mtu yule hakuwahi kuivunja. "Nilimtukana mtu asiye na kosa," alisema, "na hawezi kunisamehe, maana amekufa." Tangu siku hiyo analia. Analia akikanda mkate, analia akikamua. Mwanzoni niliogopa atavunjika. Sasa naona ni kama maji yaliyokuwa yamezuiwa na mtu ameondoa bamba.

Kile chuma ulikiacha mezani. Nilikipeleka kituo cha askari wa kaunti. Mtu wa pale alikigeuza geuza, akaandika, akasema faili litafunguliwa tena na neno la ulevi litafutwa. Huenda wakakuita. Utakwenda.

Kuhusu mimi. Wakati mwingine nakukumbuka ukinifundisha kuchomelea, umenishika kiwiko, unasema, "Usiwe na haraka, ngoja chuma kinywe moto." Ulikuwa unajua. Ulinifundisha vizuri kitu ulichoshindwa kukifanya siku moja. Wakati mwingine naamka nikiwa kule mteremkoni na vidole havifunguki, na nakuchukia mpaka meno yanauma. Yote mawili yapo. Usiniulize lipi litashinda.

Jana nilimwambia mama kwamba nakuandikia. Alikuwa anachekecha unga, mgongo kwangu. Nikamuuliza kama ana ujumbe. Aligonga chekeche mara mbili. Kisha akasema, "Mwambie asithubutu kufa kabla sijamaliza kumkasirikia."

Nimeuandika kama alivyousema.

Maite